Mkwe Aliyelala Ukweni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni tena kwa nguvu, maana mnayemwona hapa mbele si mtu wa kutoka nyumbani ovyo. Wengine Mungu amewatoa kwenye pombe, wengine kwenye wizi. Mimi, mtu wa kiti na redio, alinitoa kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Nyumba yenyewe ilikuwa Obunga, mtaa wa mabanda mjini, chumba kimoja cha mabati. Mke wangu Akinyi alikuwa amebandika magazeti ya zamani ukutani ili upepo usipite. Nilikipenda chumba hicho! Nilishona nguo za watu humo, nikala humo, nikacheka peke yangu humo. Majirani walinitania, "Fundi, jua linakuulizia!"

Kisha picha za magazetini zikaanza kunisemesha. Msicheke. Au chekeni, hata mimi siku hizi nacheka. Waheshimiwa walinihutubia mchana kutwa. Na kulikuwa na mama wa tangazo la sabuni, mwenye meno mazuri sana. Huyo ndiye aliyenimaliza. Aliniambia kwa upole kwamba anayenipikia si Akinyi, ni mtu aliyevaa uso wake, na chakula chake kina sumu. Nikaamini! Mtu mzima wa kidato cha nne, nikaamini sabuni kuliko mke. Akinyi akiniwekea sahani, naisukuma. Akilia, najiambia, ona anavyojua kuigiza.

Nilipelekwa hospitali, nikapewa dawa, nikapata nafuu. Nikarudishwa nyumbani, na mama wa sabuni alikuwa ananingoja pale pale. Akinyi akabandua magazeti yote. Sauti zikahamia kwenye mabati, maana jirani yetu alikuwa na kinu cha mahindi kilichonguruma kutwa, na kila kikinguruma nasikia jina langu. Nikawa mbaya kuliko mwanzo. Nikakonda.

Nesi wa kliniki akamwambia Akinyi, "Dawa aendelee nazo. Lakini mtafutieni mahali pengine penye utulivu, la sivyo tutakuwa tunajaza ndoo inayovuja."

Palikuwa na mahali pamoja tu penye utulivu: kwa mama yake Akinyi, mbele ya Bondo, karibu na ziwa. Hapo, ndugu zangu, ndipo palipokuwa pagumu. Mnajua desturi yetu sisi Wajaluo. Mkwe haendi kulala ukweni! Unaenda na suti, unakula kuku, unaondoka. Nilikataa kabisa. Akili ilikuwa imeniondoka, lakini adabu ilibaki!

Mama mkwe akaja mwenyewe. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Ora," akaniita, yaani mkwe wangu. "Twende."

"Mama, watu watasema nini?"

"Watasema. Si wana midomo?"

"Mkwe hawezi kulala kwako."

"Nani amekuja kuchukua mkwe? Mkwe nitamngoja aje na suti yake. Mimi nimekuja kuchukua mgonjwa."

Haleluya! Nikasimama, nikamfuata.

Aliniwekea kitanda kwenye stoo nje ya ua, kuta za udongo, hazina picha hata moja. Asubuhi nafungua mlango, naona magugu maji yamefunika ziwa, kama shamba la kijani lenye maua. Kesho yake shamba limehama, upepo umelisukuma kwingine. Nilikuwa nakaa pale nikitazama, sijui kama naota au nimeamka. Mama alinisimamia nikimeza dawa, kisha akanipa kazi kubwa: kufukuza ndege kwenye omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa. Nikawa mlinzi wa omena! Sauti zilikuja, lakini zikapungua nguvu, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya ziwa na upepo unamkatiza.

Chakula cha Mama nilikula. Cha Akinyi, bado. Alikuja kila Jumamosi na sufuria yake ya samaki, anapakua sahani mbili, nami nasukuma yangu. Hakunilaumu. Anakula, anaosha vyombo, anarudi mjini.

Jumamosi moja alikuwa anatoa miiba ya samaki huku anaimba pambio. Ndugu zangu, Akinyi hajui kuimba! Tangu nimwoe hajawahi kupatia sauti. Nikamsikiliza. Nikawaza, aliyeiba uso wa mtu angejitahidi kuimba vizuri kidogo.

"Akinyi," nikasema, "unaharibu wimbo wa Mungu."

Akaganda. "Umeniita nani?"

"Akinyi. Leta huyo samaki."

Akacheka, machozi yakimtoka. "Nawa kwanza, wewe. Unanuka omena."

Nikanawa. Nikala. Nikalamba vidole!

Leo tumehamia Bondo, mbali na vinu. Dawa bado nameza, na kliniki naenda, sioni aibu. Nawe uliye na mgonjwa nyumbani, mwombee, asiache dawa, na umwulize Mungu akuonyeshe mahali pa kumpumzisha. Akikuonyesha mlango unaokutia haya, bisha hodi. Mtumaini! Asubuhi hii Akinyi alinipikia uji, akaenda kisimani kabla sijaugusa. Aliporudi alikuta kikombe kitupu, na mimi naulizia mwingine.