Jina Ndani ya Wimbo

Kwenye treni iliyotoka Tabora asubuhi, bibi mmoja alimuuliza binti aliyekaa naye anasomea nini. Mimi nilijifanya nasoma gazeti.

“Kutibu watu wenye shida ya kusema, bibi.”

“Kusema nako kunatibiwa? Mume wangu alipooza mwaka jana. Nyimbo za kanisani anaimba zote, ila jina langu hataki kulitaja. Ukaidi tu!”

“Si ukaidi, bibi. Kuimba na kusema havikai sehemu moja kichwani. Mwanzishie wimbo anaoupenda, utie jina lako humo, muimbe pamoja kila siku.”

“Miaka arobaini naishi naye. Ni ukaidi!”

Treni iliposimama Goweko alishuka bado anabisha, lakini nilimsikia akijaribu, kwa sauti ya chini, kuingiza “Apolinaria” kwenye wimbo wa Pasaka. Jina lilizidi mapigo ya wimbo, akaanza upya.