Wa Kwanza Kuingia, wa Mwisho Kuagwa

Asubuhi ile ya Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, nje ya chumba cha wagonjwa mahututi walikuwepo mama mzazi wa marehemu, mdogo wake wa kike akiwa na mtoto mgongoni, mume wa marehemu, watoto wao wawili, mfanyakazi mwenzake aliyempa marehemu jina la utani la Bi Kufuli, na muuguzi wa zamu, ambaye alivua sweta lake akamfunika mama kwa sababu korido ilikuwa na baridi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kifungua mimba wa mama yake, na mdogo wake akamfuata miaka saba baadaye. Alisoma shule ya msingi iliyo ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya bweni, akahitimu chuo kikuu mwaka 2009, na mdogo wake alipoishia shule ya msingi hakumwonea haya, bali kila likizo alikaa naye jikoni, wakimenya vitunguu, akimweleza aliyojifunza mpaka ayaelewe.

Mwaka 2010 aliajiriwa na kampuni inayotengeneza programu za kutunza kumbukumbu za wagonjwa, na kazi yake hasa ilikuwa makufuli, si ya chuma, bali yale yanayozuia watu wawili wasiandike mahali pamoja kwa wakati mmoja. Alimweleza mdogo wake kwamba wasomaji hata kumi husimama mbele ya ubao mmoja bila kugombana, lakini anayetaka kufuta na kuandika lazima abaki peke yake, na akisubiri wasomaji wote waondoke ilhali naye bado amesimama anasoma, atasubiri hadi kiama, kumbe anajisubiri mwenyewe. Na penye kufuli ndani ya kufuli, alisema, mtu hutoka kama alivyoingia, la mwisho kufungwa ndilo la kwanza kufunguliwa, akisahau hata moja basi walio nyuma yake wamekwama. Wenzake walimtania kwamba hata chai haikorogi kabla ya kuuliza nani ameshika kijiko, naye alicheka kuliko wao.

Tarehe 7 Desemba 2013 alifunga ndoa na fundi wa majokofu, aliyekuja kutengeneza kipoza hewa cha ofisini, akarudi mara tatu kukikagua ingawa kilipona siku ya kwanza. Walijaliwa binti mwaka 2015, na mtoto wa kiume mwaka 2019.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya damu, akatibiwa, akapata nafuu, ikarudi. Asubuhi ile alimwomba muuguzi amwitie watu mmoja mmoja, akaanza na kitinda mimba wake, akafuata binti, kisha mume, kisha mwenzake wa kazini wa tangu mwaka 2010, na mama, aliyefika hospitali kabla ya wote, akabaki kwenye benchi akilia kwamba yeye aliyembeba tumboni sasa anawekwa nyuma ya watu wa ofisini, na pumzi za mwanawe ndizo hizo zinakwisha. Mdogo wake alipoitwa, mkono ukiwa kwenye kitasa, ndipo akakumbuka vitunguu na makufuli, akaelewa kwamba dada yake anatoka kama alivyoingia. Hakukaa, alimbusu kwenye paji la uso, akatoka mbio asije akala muda wa mama, akamwinamia akamwambia, mama, wewe ndiye mlango wake wa kwanza, ndiyo maana anakufungua mwisho.

Mama akaingia, muuguzi akarudisha mlango taratibu, na marehemu akafariki saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yake.

Familia inawashukuru madaktari, muuguzi yule ambaye sweta lake bado tunalo na tutamrudishia likiwa limefuliwa, majirani waliofua sare za watoto bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake waliokuja kumsomea barua za ofisi ili asijione amesahauliwa. Bi Kufuli, hukumwacha mtu akisubiri, pumzika kwa amani.

Leo alfajiri mama aliwamiminia chai wote waliolala msibani, kisha akajaza kikombe chake mwisho, akanywa.