Mbuzi Aliyerudi Nyumbani

Wapendwa, amani iwe nanyi. Najua mnada wa mavuno unasubiri, na yule jogoo pale mbele ameshachoka kufungwa miguu. Nimemwomba mchungaji nafasi kidogo kabla haujaanza, naye amenipa. Mnisamehe kwa sauti hii. Mama zangu wa nyuma, kama hamsikii sogeeni mbele, maana nikilazimisha inaniuma. Sitamtaja mtu kwa jina. Anayejijua atajijua.

Wengi mnaniita mzee wa redio. Kwa miaka mingi nilituma habari za huku kwetu: bei ya ng'ombe mnadani Kisongo, daraja lililosombwa na maji, kahawa ya Meru imekubali au imekataa. Kazi hiyo niliifanya na sigara mdomoni. Nikiandika, sigara. Nikimsubiri mheshimiwa aliyechelewa, sigara. Na waheshimiwa, nawaambia ndugu zangu, wanachelewa.

Sauti ilianza kukwaruza nikiwa nimeshastaafu. Nikasingizia mafua, kisha vumbi. Mke wangu akanipeleka hospitali, na huko wakakuta saratani ya koo, bado changa. Nikaacha sigara, nikapigwa mionzi. Shingo ilibabuka kama ngozi ya ndizi iliyochomwa, na kwa muda mrefu chakula changu kilikuwa uji. Lakini sauti ikarudi. Mavuno ya mwaka jana nilisimama hapa hapa, nikaimba ubeti wa kwanza wa wimbo peke yangu, mkapiga vigelegele. Nikasema, "Nimepona kabisa." Nilisema "kabisa". Mlisikia.

Siku ile nilileta mbuzi jike wa shukrani. Mnada ulivyonoga, mnakumbuka wenyewe. Kila mtu alikuwa anapandisha bei, na yule ndugu aliyemshinda kila mtu akamshika mbuzi kamba, akamleta mpaka kwenye benchi langu. Akasema, "Mzee, rudi naye nyumbani. Kila ukimwona ukumbuke Bwana alichokutendea." Ndivyo tunavyofanya hapa, na ni jambo zuri. Nikarudi naye Moshono, nikamfunga chini ya migomba. Watoto wa jirani wakampa jina la Shukrani. Kila asubuhi nilimwita, naye akaitika. Mtu akipita njiani anauliza, "Mzee, Shukrani hajambo?"

Sasa sikilizeni nilipoangukia. Daktari alikuwa ameniagiza nirudi nikapimwe mara kwa mara, hata kama sisikii kitu. Mara ya kwanza nilienda. Mara ya pili nikajiuliza, mtu aliyekwisha kushukuru mbele ya usharika mzima, anaenda hospitali kutafuta nini? Si ni kumwambia Mungu kwamba simwamini? Sikwenda. Nilijiona nina imani kubwa.

Masika ilipoisha, baridi ikaanza kushuka kutoka mlimani na sauti ikaanza kukwaruza tena. Nikajiambia ni ukungu.

Asubuhi moja nilikuwa kibandani nanywa chai. Redio ikatangaza habari za yule mtangazaji wa mpira ambaye nchi nzima inaijua sauti yake. Aliugua koo kama mimi, akatibiwa, akarudi hewani akatangaza mwenyewe kwamba amepona. Sasa familia yake ilikuwa inaomba maombi. Saratani imerudi.

Mama wa chai aliacha chapati ikaungua. "Jamani! Si alipona yule?"

"Sigara hiyo," akasema mwalimu mmoja mstaafu. "Alikuwa anavuta sana."

"Mwalimu, ulimwona wapi akivuta?" fundi pikipiki akamdaka. "Wewe hata Dar hujafika."

"Sauti nzito vile inatoka wapi?"

"Basi babu yangu kule Kikatiti angekuwa mtangazaji! Anavuta kiko tangu ujana wake, na juzi kapanda migomba mwenyewe. Shangazi yangu hajawahi kushika sigara, saratani ikamchukua. Hebu nieleze hapo."

"Babu yako mmoja siyo jibu. Wapo wanaovuka barabara kuu bila kuangalia na wanafika. Utamfundisha mwanao avuke hivyo?"

"Siku ikifika imefika, mwalimu."

"Kama imefika imefika, hiyo helmeti umeibeba ya nini?"

Watu wakacheka. Ndipo mama wa chai akanigeukia. "Tunabishana bure, na mwenyewe tunaye hapa. Mzee wa redio, wewe si ulikuwa nayo hiyo hiyo? Ikishapona, inarudi?"

"Mimi nilipona," nikajibu.

Kilichotoka mdomoni kilikuwa kama lango la bati linaloburuzwa kwenye saruji. Hakuna aliyecheka. Fundi akaangalia ndani ya kikombe chake. Mwalimu akaanza kuzungumzia mvua, na mvua ilikuwa imeshakwisha.

Njiani nikapita dukani nikanunua sigara moja. Muuzaji ni mshirika mwenzetu, na alinipa akiangalia pembeni. Nikaivutia nyuma ya banda la mbuzi. Nilikohoa mpaka nikashika ukuta, na nilipomaliza nikatamani nyingine. Siku zilizofuata niliipata hiyo nyingine, na nyingine tena.

Nilijipangia hoja kama nilivyokuwa nikipanga habari. Ya kwanza: yule ana fedha, ana madaktari, nchi nzima inapiga magoti kwa ajili yake, na imerudi. Mimi nani? Ya pili: fundi amesema kweli, hata wasiovuta wanakufa, kwa hiyo sigara ina kosa gani? Hoja ya tatu sikumwambia mtu. Nilishasema nimepona. Nikirudi hospitali, kila aliyepiga vigelegele atajua kwamba nilimsingizia Mungu. Na mbuzi wenu yuko uani kwangu.

Niliacha kuja kwenye jumuiya. Simu ikiita naiacha iite, kwa sababu nikijibu utanisikia. Ugali ukawa haupiti. Niliomba, ndiyo, lakini hata maombi yangu yalikuwa yameoza. Nilimwombea yule mtangazaji apone, wala si kwa kumhurumia. Nilitaka apone ili nipate ushahidi kwamba na mimi nitapona bila kwenda popote. Kila taarifa ya habari nilikaa karibu na redio. Walisema tu kwamba familia inaendelea kuomba maombi.

Mke wangu aliyaona yote. Ni mtu wa kutazama. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama mbele ya mbuzi na majani mkononi, namwita, na mbuzi hainui hata kichwa. Mke wangu alikuwa anafagia. Akasimamisha ufagio.

"Baba, siku hizi hata Shukrani hakuitikii."

"Ameshiba."

"Hajakusikia. Mimi mwenyewe niko hapa na sijakusikia. Na nguo zako zinanuka sigara, ukidhani mimi sina pua. Twende hospitali."

"Siwezi."

"Unaogopa kupimwa?"

"Nimeshashukuru, mama. Nimeshashukuru mbele ya watu wote. Nitarudije?"

Alinitazama kana kwamba nimesema kitu cha kitoto. "Mwaka jana tulipeleka na mahindi kanisani. Tulishukuru?"

"Tulishukuru."

"Mwaka huu tumelima tena au hatukulima?"

"Tumelima."

"Kuna mtu aliyekusimamisha njiani akakwambia umemfanya Mungu mwongo kwa sababu umeshika jembe? Shukrani ni ya mavuno yale. Shamba bado lipo. Vaa viatu."

Ndugu zangu, nimesikia mahubiri mengi katika jengo hili, na mchungaji anisamehe. Lakini lililonisimamisha mimi ni lile la mwanamke mwenye ufagio. Nikavaa viatu.

Daktari hakunigombeza. Aliuliza, "Umerudia sigara?"

Nikamwambia ndiyo. Kisha nikamletea ubishi wa kibandani: "Lakini hata wasiovuta si wanaugua?"

"Wanaugua," akasema. "Wanaovuta wanaugua zaidi, zaidi sana. Na ukiendelea kuvuta ukiwa umeshatibiwa, unaidhoofisha dawa na unaupa ugonjwa nafasi ya kurudi. Yule mtangazaji sijui alivuta au hakuvuta, na wewe hujui. Fungua mdomo tuangalie koo lako."

Imerudi, wapendwa. Safari hii mionzi haitoshi. Watatoa kisanduku cha sauti chote, nami nitapumulia tundu hapa chini ya shingo. Nikamuuliza, kama ningekuja ile mara niliyoikosa? Akasema, "Pengine ingekuwa kazi ndogo. Lakini umekuja leo, na leo bado kuna la kufanya." Nikatoka nje, nikalia kwenye benchi mbele ya watu, mtu mzima, mpaka mke wangu akanifunika kitenge chake kichwani.

Wiki hii inayoanza ndiyo ninaingia chumba cha upasuaji. Mtaniuliza, sasa ushuhuda uko wapi? Ninaogopa. Usingizi sina. Sijui kama nitatoka, na nikitoka sijui kwa muda gani. Nimeacha sigara, na kila nikiamka naitamani. Lakini nilikuwa nimejifungia ndani nikisubiri kufa kwa ajili ya aibu, na nimetoka. Hicho ndicho nilichonacho, na ndicho ninachokileta.

Nawashukuru ninyi mlionipigia simu nisipokee na mkaendelea kupiga. Namshukuru fundi, ambaye alinibeba kwenye pikipiki yake mpaka stendi na akanivalisha helmeti yake mwenyewe. Namshukuru daktari. Huyu aliyekaa pale na kitenge cha bluu, sitamshukuru hapa, maana nikianza sitamaliza na ninyi mnataka mnada.

Ninaloliomba ni hili. Mgonjwa akisimama hapa kushukuru, mshangilieni. Kisha siku nyingine muulizeni anarudi lini kupimwa, na mpeni mtu wa kwenda naye. Na wewe kijana unayevutia sigara nyuma ya jengo hili wakati wa mahubiri, nimekuona, nilikuwa mwandishi wa habari. Njoo unisikilize vizuri leo, kwa sababu sauti hii ndiyo unayoinunua.

Pale mlangoni nimemfunga mtoto wa Shukrani. Yuko mnadani. Atakayemnunua, nawasihi, safari hii aende naye kwake. Nyumbani tunaye mmoja anatutosha.

Na nikirudi, watoto wataniamkia njiani kama kawaida, "Shikamoo, babu." Sitaweza kuwajibu. Nitainua mkono hivi, juu kabisa, waone. Wazazi, waambieni kwamba hiyo ndiyo marahaba yangu, wasiache kuniamkia.