Mtandao Usio na Jina

Ndani ya treni ya umeme nilifumba macho, maana usingizi wa uongo ndilo somo nililofaulu vizuri kuliko yote bwenini. Mbele yangu mama mmoja, aliyejitambulisha kuwa Mama Magembe, alikuwa akimweleza shida yake fundi wa kompyuta aliyekaa naye.

"Mwanangu, mjukuu wangu yuko Urusi. Kila Jumapili nikimpigia kwa video anaganda, mdomo wazi. Na Jumapili hii ndiyo anataka kunionyesha anavyotembea."

"Wi-Fi yako ina neno la siri, mama?"

"Lipo. Nimeliandika mlangoni kwa chaki, majirani wasipate tabu ya kuuliza."

Nilikohoa usingizini. Shuleni kwetu neno la siri la walimu tulilitafuta wiki tatu.

Fundi hakumcheka. Alichukua karatasi, akamwandikia: badilisha neno la siri, chagua ulinzi wa WPA2, unaowafungia nje wasiojua neno hilo, halafu fungua mtandao wa pili, wa kasi ndogo, kwa ajili ya majirani, wasikumalizie kasi ya video. "Huo unaitwa mtandao wa wageni."

Mama aliweka mkono juu ya karatasi. "Hilo jina usiliandike. Nilipohamia Soga kutoka Shinyanga, miaka sita niliitwa mgeni. Zaituni wa nyumba ya pili ndiye wa kwanza kuniita dada. Leo simu yake imwambie kwangu yeye ni mgeni?"

"Basi niandike nini, mama?"

Alifikiri sana. Mimi nilikuwa na majina manne tayari, ila hakuna aliyeniuliza. Treni ikasimama Soga, naye akashuka na karatasi yake, mahali pa jina pakiwa patupu.