Riwaya Iliyogawanywa Sawa kwa Sawa

Benchi la mashine ya kusaga linachukua watu wanne, watano kama mmoja wao ni mwembamba. Mwaka huo wa 1976 kijiji chetu, kilomita kumi kutoka Machochwe, kilikuwa na mashine moja, redio moja na riwaya moja, na vyote vitatu vilikuwa mali ya kijiji. Riwaya iliitwa Karani wa Pamba, kurasa mia moja arobaini na nne. Ilipofika, kila kanda iliitaka kwanza. Mkutano mkuu ukakaa siku mbili, ukaamua igawanywe sawa kwa sawa: kurasa arobaini na nane kanda ya Juu, arobaini na nane kanda ya Kati, arobaini na nane kanda ya Mtoni. Ilikatwa kwa kisu cha kuchunia ng'ombe. Kezia, mtunza maktaba, akashona kila kipande kwa uzi wa katani. Azimio lilisema vipande vibadilishwe baada ya mavuno. Mavuno mawili yalikuwa yamepita.

Asubuhi hiyo watunza vipande wote watatu walikuwa benchini, kila mmoja na chake kwapani, kwa sababu Kezia aliwaomba. Afisa wa maktaba alikuwa njiani na sanduku la vitabu hamsini. Angelishusha kwetu au angelipeleka Ikoma. Ilitegemea kama tulikuwa tumesoma kile tulichopewa.

— Naomba leo msibishane, alisema Kezia. Mkiulizwa, semeni tu kitabu ni kizuri.

— Ni kizuri sana, alisema mzee Nyangwine, tunayemwita Hakimu kwa kuwa aliwahi kukaa mahakama ya mwanzo kama mzee wa baraza, miezi mitatu. Kipande cha kwanza kilikuwa chake. Akaendelea: yule karani Zefania ni kijana safi. Hanywi, hatukani, na mizani yake ya pamba haijamdanganya mkulima hata mmoja. Ningempa binti yangu.

Okech, fundi baiskeli na mtunza kipande cha pili, alikuwa anamimina kahawa. Huyo tunamwita Treni. Alipakia mabehewa Kisumu miaka minne na hajaacha kutueleza.

— Mzee, samahani, Zefania yupi huyo? Wangu anatoka kilabuni ukurasa wa sitini na mbili, anaimba.

— Ukurasa wa sitini na mbili sina. Mimi naishia arobaini na nane.

— Ndiyo nakwambia. Kwangu anaanza akiwa ndani ya treni, mkononi ana pingu.

— Ameonewa.

— Ameonewa na nani? Hayo hayapo kwangu.

— Wala kwangu hayapo. Lakini mimi namjua kijana tangu ukurasa wa kwanza.

Nyangi akaweka debe lake la mahindi chini. Yumo katika kamati zote za kijiji, kwa hiyo jina lake la benchini ni Kamati. Yeye alitunza kipande cha mwisho.

— Mnamgombania mtu ambaye hayumo. Kwangu hakuna Zefania. Kuna jeneza, kuna mjane anaitwa Susana, na kuna maksai. Maksai peke yake ana kurasa kumi na tisa. Hicho ni kitabu cha maksai.

— Mama Kamati, kitabu kinaitwa Karani, alisema Hakimu.

— Jalada lilibaki kwako, tata, baba yangu. Mimi nilipewa kitabu kisicho na jina, nikasoma kilichomo. Redioni wanasema nchi nzima inamlilia huyo Zefania. Nchi nzima imekosea. Wa kuliliwa ni maksai.

— Omera, ndugu zangu, alisema Treni, mbona jambo ni rahisi. Zefania wako wawili, mapacha. Mmoja safi, mmoja mlevi. Walibadilishana ndani ya treni, penye kona, ambapo mlinzi wa behewa haoni. Kona hiyo naijua.

— Hakuna pacha yeyote katika ushahidi, alisema Hakimu. Ninavyoona mimi, mwandishi alifariki ukurasa wa arobaini na nane. Shemeji yake akamalizia ili ahadi kwa mchapishaji isivunjike, na huyo shemeji alikuwa mnywaji.

— Na jeneza? aliuliza Treni.

— La mwandishi.

— Jeneza halina mtu, alisema Nyangi. Lina pamba. Ni magendo, linavushwa mpakani Sirari. Na mkitaka kujua Zefania yuko wapi, jiulizeni kwa nini yule maksai anafika ghala la pamba peke yake bila kuongozwa, anasimama mbele ya mizani, anatikisa kichwa.

Treni akaweka birika la kahawa chini.

— Unataka kusema maksai ndiye Zefania, alisema Treni.

— Mimi sijasema. Nimesoma.

Landrova ikasimama. Afisa, Ndugu Benedicto, alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, akawa wa nne benchini bila kumsogeza mtu. Akamwamkia Hakimu shikamoo, akapokea kikombe, akafungua jalada la karatasi juu ya magoti.

— Nahitaji jina moja tu, alisema. Msomaji mmoja aliyesoma kitabu chote, toka mwanzo hadi mwisho. Nikiandika jina, sanduku linashuka.

Wakamwonyesha vile vipande vitatu na kumweleza azimio. Alisikiliza vizuri, hata akasifu mshono.

— Mavuno mawili, alisema. Kwa nini hamkubadilishana?

Mashine ilikuwa imezimwa ili iwekwe mafuta, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujifanya hakusikia.

— Tuliwasubiri kanda ya Juu walete, alisema Treni.

— Juu hatuwezi kutoa kabla hatujapokea, alisema Hakimu. Ukitoa kwanza umebaki na nini?

— Mtoni tuliwasubiri wote wawili, alisema Nyangi.

Afisa akafunga jalada lake la karatasi. Akamwambia dereva wake, taratibu, kwamba wangeweza kufika Ikoma kabla ya saa nane.

— Andika Kezia Werema, alisema Kezia.

Hakimu akageuka.

— Umesoma lini, binti?

— Wakati wa kushona.

— Kushona kulichukua wiki tatu. Ulituambia uzi umekwisha.

— Uzi ulikuwepo.

— Ulisoma kurasa zote? Na za Mtoni? aliuliza Nyangi.

— Zote. Za Mtoni mara mbili.

— Huo ni ubinafsi, Kezia. Nipo kamati ya nidhamu na nitalileta Jumamosi. Utanyang'anywa ufunguo wa maktaba.

— Lilete, mama. Nitajibu mkutanoni. Sanduku lishuke kwanza.

Hakuondoka mbele ya afisa.

— Sawa, alisema afisa. Niambie basi kinavyokwisha. Mwenyewe nimekisoma.

— Si hapa, alisema Hakimu upesi. Kanda ya Juu haijafika huko.

— Wala Kati, alisema Treni.

Ikabidi wawili hao waingie ndani ya Landrova na kupandisha vioo. Wale watatu wakasimama kando ya benchi wakitazama midomo ya Kezia. Alisema maneno machache. Afisa akainamisha kichwa, mabega yakatikisika, akavua miwani na kujifuta uso kwa leso. Kisha akaandika, na dereva akazunguka nyuma kushusha sanduku.

— Amecheka, alisema Treni.

— Amelia, alisema Nyangi.

— Lile ni vumbi, alisema Hakimu, lakini hakulitilia mkazo.

Gari likaondoka. Kezia alikaa juu ya sanduku, mikono miwili kwenye kifuniko, kama vile mtu angelichukua. Hakimu akamsogelea, akashusha sauti.

— Binti, kuhusu Jumamosi, tutaona. Mimi nina neno langu moja kwenye mkutano. Lakini niambie kidogo tu. Yule kijana ni safi au si safi?

Kezia akawatazama wote watatu.

— Badilishaneni, alisema.

Wakatazamana. Hakimu akanyoosha mkono, Treni akanyoosha, Nyangi akanyoosha. Mikono yote mitatu ilikuwa mitupu, viganja juu, tayari kupokea.