Ubao wa Bucha la Sinaw

Sogeeni, wanangu. Nadhir, kaa hapa kitandani, karibu na kichwa changu. Rahila, funga mlango mama yenu asisikie, maana anajitapa na jina letu kwa majirani, na mimi siri yake nimeificha miaka saba, wallahi sitaki kuingia nayo kaburini.

Ni hili jina letu, Swinford. Mnajua kule Tabora nilinunua duka la Mwingereza, jina lake limeandikwa juu ya mlango kwa rangi nzuri, nikaona hasara kulifuta, watu wakaniita Bwana Swinford nami nikaitika. Tuliporudi Omani mwaka sabini na nne, karani wa pasipoti akaniuliza ukoo, nikampa karatasi za Tabora, akaandika hilo hilo. Ningemwambia mimi ni Harub bin Ghanim, wazee wangu ni wa hapa hapa Samad. Nilinyamaza. Tulikuja na masanduku mawili, jamaa wanakicheka Kiarabu chetu, nikadhani jina la kizungu litatupa heshima. Kiburi tu.

Mwaka sabini na nane, mjini Nizwa, nikamuuliza mhandisi mmoja wa barabara, Mwingereza, maana yake nini. Alicheka mpaka kahawa yake ikamwagikia dishdasha yangu, ile kanzu nyeupe. Akasema wazee wao wengi waliitwa kwa vijiji walikotoka, na Swinford ni kijiji kimoja huko kwao, maana yake kivuko cha nguruwe.

Ndiyo, Nadhir. Nguruwe. Na Jumamosi wewe unafungua bucha Sinaw, uwauzie Mabedui nyama ya mbuzi chini ya jina hilo, herufi nyekundu, kila moja kama sahani! Jana uliponionesha huo ubao ndipo homa ikanizidi.

Nisameheni. Niliona ulivyojivunia kadi zako za ofisini zenye jina hilo, nikakosa moyo wa kusema.

Basi shikeni haya. Zamu yetu ya maji ya falaji, ule mfereji wa kijiji, msiiuze. Nendeni kwa sheikh ashuhudie nasaba yetu, pasipoti zibadilishwe. Yule Mzungu wa duka la Tabora hana kosa, alibeba jina la kwao. Sisi tuna kwetu.

Ubao usiutupe, mbao zake nzuri. Ugeuze, uandike nyuma: Harub na Wanawe, Samad. Mungu awape riziki safi, na watoto... Rahila, maji. Taratibu, mama.

Nadhir, mbona mabega yanatikisika, unalia? Ah, unacheka. Cheka, baba, cheka kwa nguvu. Miaka saba nimecheka peke yangu.