Mama Esther na Kisima cha Mtaa wa Maduka

Ndugu waombolezaji, baba zetu na mama zetu mliofika kutoka Chilangala, Mkunya na Masasi, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum, na wazee wote mliokaa chini ya turubai hili shikamooni, isipokuwa mmoja, ambaye sababu yake ataisikia mbele. Mimi ni Esther, mtoto wa kwanza wa marehemu, na mengi ya maneno haya alinitamkia yeye mwenyewe akiwa kitandani, nikayaandika kwenye daftari, akanikataza kuyapamba. Paroko wetu aliyasoma jana, akaniomba kwa upole nipunguze ukurasa wa pili, nami kwa heshima yake nimepunguza mstari mmoja.

Marehemu Veridiana Stefano Chitanda alizaliwa tarehe 7 Machi 1954 katika kijiji cha Chilangala, wilaya ya Newala, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Stefano Chitanda, mkulima wa korosho na mihogo. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, kisha akapelekwa kwa masista kujifunza kushona, na mwezi Januari 1973 akahamia Newala mjini, akaweka cherehani yake kwenye baraza la duka moja la Mtaa wa Maduka, mahali alipofanyia kazi kwa miaka arobaini na mitano. Tarehe 12 Oktoba 1974 alifunga ndoa na fundi mwashi Ambrosi Nandonde, aliyetangulia mbele za haki mwaka 2011, wakajaliwa watoto wanne, ambao ni mimi, niliyezaliwa 1976, Silvesta wa 1979, Paulina wa 1983, na Anthony, ambaye nitamfikia.

Wengi wenu mnaujua Mtaa wa Maduka ulivyo leo, ila sisi tuliokulia pale tunaukumbuka ulipokuwa na maduka saba tu yaliyotazamana, bucha la Mzee Fikirini upande wa juu, cherehani ya mama na ya Baba Rajabu zikishindana kelele, kina mama wakiuza ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha kwenye sinia, na katikati duka la ushirika la mtaa, ambalo miaka ile ya shida lilikuwa na rafu ndefu na viberiti vichache. Watoto tulilipenda kwa sababu ya kisima chake cha kukinga maji ya mvua, kilichochimbwa chini ya mabati yake mwaka niliozaliwa. Kila nyumba ilitoa mtu wa kuchimba, kina mama wakabeba mchanga kichwani, mama yangu akiwa na mimi tumboni, na baba akakipiga plasta kwa mikono yake bila kudai hata chai. Kila mwezi wa kumi, kabla ya mvua, aliingia ndani, akasugua kuta, akaziba nyufa, nasi tukichungulia kutoka juu tukiitana majina ili tusikie sauti zikirudi.

Ikaja ruksa ya kila mtu kufanya biashara yake. Duka la ushirika likafungwa, na tarehe 3 Aprili 1989 likafunguliwa kama mali yake na aliyekuwa muuzaji wake, Bwana Ladislaus Mnali, jirani yetu wa nyumba ya tatu, mtu aliyekula kwetu Krismasi tatu mfululizo. Sitasema uongo mbele ya jeneza, tulifurahi. Alipaka duka rangi ya buluu, akaleta chupa za chai zenye maua, sabuni za kunukia, bazoka za kutafuna, redio kubwa iliyosikika hadi buchani, na sisi watoto tulikuwa tunasimama mlangoni kunusa tu. Juma la pili akaweka mfuniko wa chuma juu ya kisima, na juu ya mfuniko kufuli, akaanza kuuza maji yetu kwa ndoo.

Mwezi Agosti 1990 mabomba ya mji yalikauka, na mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Asubuhi ya tarehe 14 alikwenda kwa Bwana Ladislaus, nami nyuma yake na ndoo, akamwamkia shikamoo, akamwomba ndoo moja tu kwa sababu daktari alimkataza kuteremka bondeni. Bwana Ladislaus hakuinua macho kwenye redio yake, alisema Mama Esther, siku hizi kila mtu na biashara yake, na kisima kiko chini ya bati langu. Watu wa mtaa walikuwepo, wengine wako hapa, walitazama chini, na baba alikuwa kazini Masasi. Tukateremka bondeni kwenye chemchemi. Wakati wa kupanda mama aliteleza pale penye mawe, na Anthony alizaliwa njiani, akaishi muda wa kubatizwa na mama mwenyewe kwa maji yaliyobaki kwenye ndoo, akafariki. Anakolala ndiko tunakomlaza mama leo, ubavuni kwake.

Tangu siku hiyo marehemu hakuvuka mlango wa duka lile, na sisi watoto wake alitukataza kumwamkia Bwana Ladislaus, tukikutana naye njiani tupite kama tunavyopita kwenye nguzo ya simu. Kwa watoto wa Newala hilo ni jambo zito, walimu walituita, katekista alituita, mama akawajibu wote kwamba shikamoo ni ya wakubwa. Mwaka 1994, kwa kushona sare na kuuza korosho zetu za Chilangala, alimaliza kujenga kisima uani kwake, kikubwa kuliko kile, baba akakipiga plasta, wala mfuniko wake haujawahi kuona kufuli. Mtaa mzima ulichota.

Bwana Ladislaus yeye aliuza maji yake mpaka tope, akakiacha kisima kikavu juani, jambo ambalo mtoto yeyote wa huku anajua halifanywi, na kiangazi cha mwaka 1997 plasta ikapasuka kutoka juu hadi chini. Alimtuma mtu kwa baba, baba akasema mikono inamuuma, na mafundi wote wa Newala mwaka ule mikono iliwauma. Ndipo mke wake, Mama Oliva, mwanamke mwema, akaanza kuja kwetu na ndoo, mama akamjazia kila siku kwa miaka ishirini na miwili, na kila siku akamwambia amsalimie mzee, na kwamba siku akija mwenyewe atajaziwa kwa mkono wa Mama Esther. Hakuja. Mama alifurahia jambo hilo kila asubuhi, nami pia nililifurahia, na sioni aibu kulisema.

Mwezi Februari 2018 marehemu alianza kuugua kisukari, akapata kidonda cha mguu kisichopona, akalazwa mara tatu, na tarehe 9 Septemba 2019, saa kumi na moja alfajiri, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Mtaa wa Maduka, jumuiya ndogondogo, na mafundi cherehani wenzake walioshona sanda yake jana kwa cherehani yake mwenyewe.

Limebaki agizo moja. Tukitoka kaburini, kila mtu atanawa mikono uani kwetu, kama desturi yetu ilivyo, kwa maji ya kisima cha marehemu, na marehemu ameagiza kwamba wa kumimina ni Bwana Ladislaus Mnali, aliyeketi mstari wa tatu, na wala usihangaike kuinuka sasa, Bwana Ladislaus, ndoo zimejaa, kata ipo, utasimama pale mlangoni mpaka mkono wa mtu wa mwisho, hata mtoto. Nilimuuliza mama kama baada ya hapo tumwamkie. Alisema nitazame kwanza anavyomimina.

Nitakuwa nimesimama karibu naye, mama, nikitazama. Umeteka maji ya kutosha, sasa tua ndoo, lala na mwanao, mpumzike kwa amani.